Tuliolala Langoni

Vita vilikwisha mwezi wa Novemba 1918, lakini sisi Wachina wa kikosi cha kazi hatukuambiwa twende kwetu. Waingereza walisema mkataba bado, na kazi bado. Kazi yenyewe ilikuwa kufukua maiti waliozikwa ovyo na kuwazika upya kwenye makaburi ya mistari, kukunja seng'enge, kujaza mahandaki udongo, na kuokota makombora yaliyoanguka bila kulipuka. Bonde zima la mto Somme, hapa Ufaransa, lilikuwa namna hiyo. Unapiga jembe, unatoka mfupa. Unapiga tena, kinalia chuma, na hapo unabana pumzi.

Mimi Kuang nilikuwa mpishi wa kikosi. Watu wote walipita mbele yangu na mabakuli yao, kwa hiyo nilijua nani anakula na nani hali. Mwaka ule wa 1919, kuanzia mwezi wa Mei, Mou Deshun alikuwa hali.

Deshun alikuwa mtu wa Gaomi, mkoa wa Shandong, na karibu sisi sote tulikuwa wa Shandong. Alikuwa mrefu, mabega mapana, maneno machache. Wajerumani walipojenga reli yao katikati ya mashamba ya kwao, baba yake alikuwa miongoni mwa waliong'oa vigingi vya wapimaji. Askari wa Kijerumani wakampiga risasi palepale kwenye mtama wake, na reli ikapita. Miaka ikaenda, vita vikaanza, Wajapani wakaja wakawafukuza Wajerumani, kisha wakakaa wao. Waingereza nao wakaja kutafuta vibarua wa kwenda Ufaransa. Waliotuandikisha walituambia kwamba tukisaidia kumshinda Mjerumani, kila alichotunyang'anya kitarudi. Deshun na mdogo wake Dehai wakatia vidole gumba kwenye mkataba. Njiani meli yao ilipigwa na nyambizi. Deshun aliokotwa. Dehai hakuokotwa.

Hakuwa mtu wa kulizungumzia. Ila kila kitu kilichosemwa kambini kuhusu amani, Deshun alisogea karibu akasikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Aliyekuwa akisema zaidi ni Luan Shiting, mkalimani wetu, kijana wa miwani aliyesoma chuo cha wamisionari. Sisi tulimwita Mwalimu. Jioni alikaa kwenye kreti la sabuni akatusomea magazeti ya Kifaransa na ya Kiingereza, akiyageuza Kichina cha nyumbani. Alitusomea habari za rais wa Marekani, kwamba ametangaza dunia mpya ambamo mataifa makubwa hayatagawana tena madogo kama nyama ya ng'ombe.

Nyapara wetu, Qu Maocai, alikuwa na jibu kwa kila kitu.

"Mwalimu, huyo Mmarekani wako anajua Gaomi iko wapi?"

"Anajua China iko wapi. Inatosha."

"Mkwe wangu anajua nyumbani kwangu ni wapi, na hajawahi kuniletea hata kuku."

Watu wakacheka. Deshun hakucheka. Aliuliza, "Hayo maneno ameyaandika, au ameyasema tu?"

"Ameyaandika, Kaka Mou. Yamechapishwa dunia nzima."

"Basi," Deshun akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongeza bakuli la pili.

Qu yeye alikuwa na amani ya aina yake. Alisema aliyeshinda hula, aliyeshindwa hutazama, na kibarua huosha vyombo, kwa hiyo la maana ni kumaliza mkataba ukiwa na miguu miwili na kurudi kulala kwenye kitanda chako. Alisema hivyo kila siku, na sijui kama aliamini au alikuwa anajitia moyo tu.

Jirani na kambi aliishi mama mmoja Mfaransa, Eudoxie Carlier. Nyumba yake ilikuwa imebaki ukuta mmoja wenye dirisha, naye alijikunyata chini yake katika kibanda cha mabati ya jeshi, akiuza mayai na kahawa. Wanawe wawili walikufa, mmoja kwenye vita vya Verdun, mwingine karibu kabisa na pale, ingawa mwili haukuonekana. Miezi ya kwanza hakutaka kutuona. Alificha kuku wake tukipita. Baadaye alizoea, hasa kwa sababu ya Deshun, aliyemtengenezea kisima bila kuombwa.

Siku moja Luan alimuuliza, kwa Kifaransa chake cha vitabu, yeye anataka amani gani.

"Mimi?" mama akasema. "Nataka Mjerumani alie mpaka aishiwe machozi. Nataka wanawe wachimbe haya mashamba kwa kucha. Nataka asiweze kusimama tena, yeye na watoto wa watoto wake. Wewe unacheka nini?"

"Sicheki, mama. Rais wa Marekani anasema tusilipize kisasi."

"Huyo aje alale hapa kwangu mvua ikinyesha."

Luan alitafsiri. Deshun alitazama ule ukuta wenye dirisha, akasema, "Mwambie namwelewa. Mwambie mimi pia nina wangu."

*

Habari ilifika mapema mwezi wa Mei, saa ya chakula cha mchana. Luan alikuja na gazeti akilisoma huku anatembea, nasi tukamwona anasimama katikati ya foleni kama aliyekanyaga kitu. Watu wakamwambia asome kwa sauti. Alikunja gazeti. Wakamwambia tena.

"Wameamua," akasema. "Vyote Mjerumani alivyokuwa navyo Shandong, reli, bandari, migodi, wamepewa Wajapani."

Sufuria langu la wali lilifurika, nikasikia majivu yanachachatika, na bado sikugeuka.

Qu ndiye aliyeanza. "Na yule Mmarekani?"

"Amekubali."

"Amekubali," Qu akarudia. "Watu wote mmesikia? Dunia mpya hiyo. Mwalimu, hebu tuonyeshe imechapishwa ukurasa wa ngapi."

Nadhani alitaka kufanya mzaha, maana hakujua namna nyingine ya kubeba mambo. Lakini watu walikuwa wanatafuta mtu wa kumwangukia, na wakubwa wa Paris walikuwa mbali. Mmoja akamwita Luan mwongo. Mwingine akasema kijana huyu anakula chakula cha maofisa, ndiyo kazi yake kutulaza usingizi. Bakuli likarushwa. Lilimpata usoni, kioo kimoja cha miwani kikapasuka. Luan hakuinua mkono kujikinga. Deshun alipita katikati ya watu, akaokota lile bakuli, akampa mwenyewe, akasema, "Kula, chakula kinapoa." Yeye hakula.

Baada ya siku ile Luan aliacha kusoma magazeti. Alifanya kazi yake ya kutafsiri amri za luteni, chimba hapa, beba hiki, na jioni alijilaza kageukia ukuta. Watu walimpita bila kumsalimu.

Siku moja nilikuwa nimepeleka chai kwa wafanyakazi kwenye shamba lililoitwa la Poplari, ingawa miti yake yote ya poplari ilikuwa imebaki visiki. Upande wa kushoto kulikuwa na eneo lililozungushiwa kamba na vitambaa vyekundu, mahali ambapo makombora hayajaokotwa. Nilimwona Luan anainama, anapita chini ya kamba, anaendelea kutembea. Hakukimbia, alitembea tu kama mtu anayekwenda dukani, akikanyaga popote.

Watu wakaacha majembe. Hakuna aliyemwita, tuliogopa hata sauti. Kisha Deshun akaweka koleo lake chini taratibu, akapita chini ya kamba naye, akaanza kukanyaga mle mle Luan alimokanyaga.

Mazungumzo yao nilisimuliwa na Luan mwenyewe, miaka mingi baadaye.

"Rudi, Kaka Mou," Luan alisema bila kugeuka.

"Rudi wewe."

"Niliwadanganya wote."

"Ulidanganywa. Siyo kitu kimoja."

"Kwa aliyeniamini, ni kitu kimoja."

Deshun alimfikia, akamshika mkono, akakaa chini kwenye udongo na kumvuta akae naye. Karibu na goti lake kulikuwa na kombora lenye kutu, nusu limezama. Wote wawili waliliona.

"Mimi nimechoka kusimama," Deshun akasema. "Sasa wewe ukifa hapa, barua zangu nani ataniandikia? Qu? Qu hawezi kuandika hata jina la mkewe."

Luan aliniambia hajui kilichomtoka kama kilikuwa kicheko au kilio.

"Hiyo amani yao," Deshun akauliza, "imeshatiwa sahihi?"

"Bado. Wanasema mwezi wa Juni. Mataifa yote yatatia, na wajumbe wetu pia wametakiwa watie."

"Wetu wakikataa?"

"Hakitabadilika kitu. Wajapani wako pale, na bunduki zao ziko pale."

"Basi tofauti ni nini?"

Luan alifikiri. "Wakitia sahihi, tutakuwa tumekubali. Mwizi atakuwa na karatasi ya mwenye mali."

Sisi kule kwenye kamba tuliona tu watu wawili wamekaa kama wanaota jua. Kisha Deshun akasimama, akajipangusa matako, akasema, "Basi twende tukawaambie wasitie."

*

Kusema ni rahisi. Kutoka kambini bila ruhusa kulikuwa ni utoro, na mtoro alifungwa, na kibaya zaidi, ule mgao wa mshahara waliokuwa wakipewa jamaa zetu kule nyumbani ulisimamishwa. Mama yake Deshun, mke wake, na mjane wa Dehai na mtoto wake, wote waliishi kwa mgao ule. Ndiyo maana nikasema alikuwa hali. Wiki baada ya wiki alichukua chakula akakishika, akakirudisha.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nawaza namna ya kumla mama yangu," akasema.

Nilimwambia asiende, kwamba wako wengine wasio na familia. Aliniuliza nani. Nikajikuta nimesema mimi. Kweli mimi sikuwa na mtu Shandong wa kunyimwa chochote. Lakini Deshun alisema kwamba mtu asiye na cha kupoteza hasikilizwi, na uamuzi wake ulikuwa umekwisha kutoka siku ile shambani.

Tukaondoka watatu. Qu alitukuta tunafunga vifurushi nyuma ya jiko.

"Wajinga nyinyi," akasema. "Mnakwenda kupigia kelele ukuta."

"Utatusemea kwa luteni?" Luan akauliza.

"Nitasema mnaharisha. Mkizidisha siku tatu nitasema mmekufa, na mkirudi mtaeleza wenyewe." Akamtazama Luan na miwani yake ya kioo kimoja. "Mwalimu, bakuli lile halikuwa langu. Lakini ulimi ulikuwa wangu."

Mama Eudoxie ndiye aliyetupa makoti, maana sare zetu za buluu zingetufichua kila kituo. Yalikuwa makoti ya wanawe. Luan alijitahidi kumweleza tunakokwenda na sababu.

"Wajapani?" akasema. "Kwani Wajapani si walikuwa upande wetu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa wamechukua kwenu?"

"Ndiyo."

"Na sisi tumewapa?"

Mama alimfunga Deshun vifungo vya koti kama anamfunga mtoto, akavuta kola, akasema hajui mambo ya huko mbali, yeye anajua Mjerumani tu, lakini koti lirudi. Alitupa mayai ya kuchemsha.

Tulipanda treni ya mizigo. Mfanyakazi wa reli alituona, akageuza uso.

Kule Paris, wajumbe wetu wakuu walikuwa wamepanga nyumba katika kitongoji cha magharibi, nyumba yenye bustani na lango la chuma. Tulifika mchana, siku moja kabla ya kutia sahihi, tukakuta tumetanguliwa. Wanafunzi wa Kichina wa Paris walikuwa wamezingira ukuta wote, na vibarua wengine kama sisi, waliotoroka viwandani, na wauzaji wa majani ya chai. Nilidhani nitakuta watu wenye neno moja. Nilikuta ugomvi.

Mwanafunzi mmoja, Fan Zhuo, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi, alikuwa na bastola mfukoni na hakuificha. "Atakayetoka hapa na kalamu, harudi," alisema.

"Ukimuua mjumbe," Luan akamwambia, "kesho wataandika kwamba Wachina ni washenzi, ndiyo maana Wajapani wapewe wawatunze."

"Tayari wameshatukabidhi kwa Wajapani. Kuna adabu gani iliyobaki ya kulinda?"

"Tukatae tu. Kukataa kwa amani. Dunia ione."

"Dunia," Fan akasema. "Wewe bado unaingoja dunia, na miwani hiyo?"

Saa kumi hivi akatoka karani mmoja wa ujumbe, Bwana Shi, mtu wa makamo, suti safi lakini kola imelowa jasho. Aliposema neno la kwanza tukatazamana. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu, ya Shandong.

"Ndugu zangu, nisikilizeni," akasema kupitia nafasi za lango. "Hamnipendi, sawa. Mimi kaburi la babu yangu liko Jiaozhou, Wajapani wamefunga farasi juu yake. Msinifundishe uchungu. Lakini tusipotia sahihi, tunabaki nje peke yetu. Linaanzishwa baraza la mataifa yote. Tukitia, tunapata kiti ndani. Ukiwa na kiti, unaweza kusema kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao. Ukiwa nje barabarani, nani anakusikia?"

"Kiti cha kukalia nini?" Fan akapiga kelele. "Kukalia maiti zetu?"

"Kijana, mimi natafuta njia ya kuishi. Wewe unatafuta njia ya kufa vizuri. Hayo ni mambo mawili."

Makelele yakazuka. Nami nikiri, pale niliposimama, kila aliyesema nilimwona ana haki. Ndilo lililoniogopesha. Ningekuwa nimepewa kalamu ile, sijui ningefanya nini.

Deshun alisukuma watu akafika langoni. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, nilimsikia akiyanong'ona kwenye treni. Alivua kofia. Bwana Shi akamtazama lile koti fupi la Kifaransa na mikono ile ya kazi iliyochomoza nje.

"Sema, ndugu."

Deshun alifungua mdomo. Maneno hayakutoka. Alijaribu mara ya pili, akasema tu, "Mama yangu ataniuliza," kisha akafunga mdomo.

"Atakuuliza nini?" Bwana Shi akauliza kwa upole.

Deshun alitikisa kichwa. Aligeuka, akatazama njia ya magari inayotoka langoni, akalala chini. Alilala chali, urefu wake wote, kutoka nguzo hii hadi karibu na nguzo ile, kofia kifuani. Hapakuwa na namna ya gari kutoka bila kumpita juu.

Nikalala kando yake, na Luan akalala. Baadaye wengine, wanafunzi kwa suti zao, wauza chai, wanawake wawili. Fan alisimama sana na mkono wake mfukoni. Mwisho naye akaja akalala, akageuzia uso upande wa pili ili tusimwone.

Bwana Shi alishika vyuma vya lango akatutazama. Sijui alifikiri nini. Alirudi ndani akitembea kama mgonjwa.

Tulilala pale hadi kukakucha. Mvua ndogo ilinyesha alfajiri, hakuna aliyenyanyuka. Nilisikia Deshun anapumua. Pazia la ghorofani lilisogea mara moja, tukaona mkono wa mtu, kisha likarudi.

Asubuhi ikapita, gari halikutoka. Mchana ukafika. Ndipo, kutoka upande wa Versailles, tukasikia mizinga. Wengine walijirusha kifudifudi kwa mazoea ya vita. Luan akasema, "Hapana. Ni heshima. Wameshatia sahihi."

"Na wetu?" Deshun akauliza.

Lango likafunguka kidogo. Bwana Shi alikuwa amevaa shati la jana lililokunjamana. "Hatukwenda," akasema. "Kiti chetu kimebaki kitupu." Alimtazama Deshun. "Mwambie mama yako hivyo. Na Mungu atusaidie sasa, maana hatuna mwingine."

Watu walikumbatiana, walilia. Tukashuka kuelekea mjini na mitaa yote ilikuwa imefurika. Wafaransa walicheza, wakapeperusha vitambaa, kengele zililia hadi sikio likaziba. Mzee mmoja wa masharubu alimshika Deshun, akambusu mashavu yote mawili, akampa chupa ya mvinyo. "Amani," akamwambia. "Amani, rafiki yangu." Deshun alishika chupa akiwa hajui afanye nini nayo. Luan akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akacheka mpaka tukamshika kwapani, na nilipomtazama vizuri uso wake wote ulikuwa umelowa.

*

Tuliporudi kambini, luteni hakuwa mtu mbaya. Alisoma kanuni kwa sauti ya chini, Luan akaitafsiri kanuni ile iliyomhukumu yeye mwenyewe. Tukafungwa katika banda la seng'enge, mkate na maji, na migao ya nyumbani ikasimamishwa hadi kumalizika kwa adhabu. Waliosimamisha walikuwa wepesi. Waliotakiwa kuirudisha walichelewa, karatasi ikazunguka ofisi hadi ofisi, majira yakabadilika.

Kambi ilimpokea Deshun kama shujaa. Waliomrushia Luan bakuli sasa walimletea sigara. Lakini Deshun alikuwa ameanza kuhesabu mvua. Kule kwetu mwaka ule mvua ilikuwa haba na mtama haukujaza. Qu, aliyesema anajali miguu yake tu, alichangisha watu wakatuma kitu kidogo Gaomi. Kilifika mama yake Deshun ameshakufa. Alinyimwa chakula ili mjukuu apate, au yeye mwenyewe alijinyima kwa ajili ya mjukuu, walioleta habari hawakuafikiana. Deshun aliniambia ni la pili, anamjua mama yake.

Jioni ile alimkuta Luan ameketi nje ya kibanda.

"Mwalimu, siku ile langoni. Tulifanya la maana?"

Luan alivua miwani. Angeweza kumwambia habari za heshima ya taifa, na historia, na vizazi. Alikuwa na maneno hayo yote, nilikuwa nimemsikia akiyasema kwa wengine.

"Sijui, Kaka."

"Sawa," Deshun akasema. "Ungesema ndiyo, ningekupiga."

Wakakaa pamoja hadi baridi ikawaingiza ndani.

Mwaka uliofuata kikosi kilivunjwa, Deshun akarudi. Koti alilirudisha kwa Mama Eudoxie, limefuliwa, naye alimkatalia, wakavutana mlangoni mpaka mama akakubali kulichukua. Mimi nilibaki. Nilipata kazi ya jiko Amiens, nikaoa huku, nikazeekea huku. Luan alirudi China akawa mwandishi wa gazeti, na mara kwa mara aliniandikia.

Mwaka wa 1922 Wajapani waliirudisha Shandong. Mazungumzo yalifanyika Marekani, kwenye meza nyingine, na watu wengine. Luan alikwenda Gaomi kumpasha Deshun habari mwenyewe. Alimkuta shambani, kando ya reli, anapalilia mtama pamoja na mtoto wa Dehai.

"Wanaondoka?" Deshun akauliza.

"Askari wanaondoka. Wenye maduka na viwanda wanabaki."

"Na reli?"

"Tutailipia kidogo kidogo."

Deshun aliitazama reli ile, mahali baba yake alipoanguka. Akamuuliza Luan kama amekula. Wakaingia ndani, mkewe akawakaangia mikate myembamba na vitunguu vya majani, na hawakuzungumza tena habari hizo. Luan aliniandikia kwamba alitamani kumsikia akisema kitu chochote, hata tusi.

Ile miaka yote waliyosema ni ya amani, mimi niliishi nikisikiliza. Mama Eudoxie alikufa akiwa na uhakika kwamba Mjerumani amevunjika kabisa, na nashukuru alikufa mapema. Wajapani walirudi Shandong, na mara hiyo hawakuja kwa ajili ya reli peke yake. Barua ya mwisho ya Luan ilitoka mji wa ndani kabisa, magharibi, alikokimbilia na watu wengi kwa miguu. Aliandika kwamba alipita karibu na Gaomi usawa wa kijiji cha Deshun, na moshi ulikuwa umefunika pande zote, hakuweza kujua ni nyumba za nani.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1940, Wajerumani walipita mbele ya jiko langu Amiens, wakiimba. Nilizima moto, nikaketi nyuma ya mlango na mke wangu. Habari za Deshun sikuzipata tena.